Pedi mpya, mlio uleule: breki ya mbele iliyofika kwa fundi wa tatu

Alipozima pikipiki mbele ya banda letu hapa Majengo, Mombasa, hakunieleza shida kwanza. Alifungua boksi la nyuma, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya benchi. Ndani mlikuwa na pedi za breki, jozi mbili.

"Hizi, mzee, ndizo za kwanza. Nimezitumia miezi minane, hazikulia hata siku moja. Hizi nyingine nilitiliwa mwezi uliopita, zalia. Na zilizomo sasa ndani ni za tatu, nazo zalia. Nimechoka kununua pedi."

Nilimshukuru kwa kutozitupa. Pedi iliyotumika husema mambo ambayo mwenye pikipiki hana njia ya kuyajua, na mafundi wengi huirusha pipani kabla hawajaigeuza waitazame mgongo. Kisa hiki karibu chote kilikuwa ndani ya kile kitambaa. Mimi mwenyewe sikukisoma chote mara ya kwanza, na nitaeleza paliponipita.

Pikipiki yenyewe ni ya kawaida, injini ya cc 150, mbele breki ya diski, nyuma breki ya ngoma. Mwenyewe hubeba abiria kati ya Likoni na mjini, kwa hivyo feri anaivuka mara nyingi kwa siku. Hilo la feri ndilo lililobeba mzigo mkubwa wa shida hii. Anayepajua Likoni anajua kwamba ule mteremko wa kushukia haufanani saa zote. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na kutoka hapa Mombasa hupita mita 3. Maji yakitoka, feri hukaa chini na mteremko huwa mkali. Maji yakijaa, mawimbi hupiga kwenye zege na magurudumu hupita ndani ya maji ya chumvi. Pikipiki ya mjini Nairobi haijui maisha hayo.

Nilimwuliza mlio ulianza lini. Akasema pedi za pili alifungiwa kando ya barabara, kazi ya robo saa, na siku hiyo hakusikia kitu. Kesho yake jioni ukaanza: mluzi mwembamba, mkali, kila anapopunguza mwendo kuingia steji. Akarudi kwa fundi yule. Fundi akazitoa pedi, akazisugua kwenye sakafu ya saruji, akazirudisha. Kukawa kimya siku moja, mlio ukarejea. Akaenda kwa fundi wa pili, huyo akamwambia pedi zile ni za bei rahisi, anunue nzuri. Akanunua, na siku ya pili zikalia.

"Ukivuta breki kwa nguvu, inalia vilevile?"

"La. Nikibana sana inanyamaza. Yalia nikivuta kidogo tu."

Jibu hilo lina thamani kuliko watu wanavyodhani. Pedi ikiigusa diski haitelezi kwa ulaini. Inashika, inaachia, inashika tena, maelfu ya mara kwa sekunde moja, kama kidole chenye maji kinapozungushwa kwenye mdomo wa gilasi. Diski nayo ni sahani ya chuma, na sahani ya chuma ikitikiswa hivyo huvuma kama kengele. Kila breki hutetemeka. Kinachofanya mtetemo usikike ni pedi kupata nafasi ya kucheza ndani ya nyumba yake. Ukivuta kidogo, pedi imeguswa lakini haijabanwa, ina uhuru wa kutetemeka. Ukibana sana, uhuru huo unaisha na mlio unazimika. Kwa hiyo kabla sijashika spana nilikuwa nimeshaanza kuiacha ile hoja ya "pedi mbaya". Jozi mbili za maduka mawili zilizolia kwa namna moja zinamwelekeza mtu kwenye nyumba zilimokaa.

Ndipo akanieleza jambo lililomleta kwangu hasa. Mwenzake wa steji alimwambia atie oili kidogo kwenye diski, mlio utakatika. Akatia. Mlio ukakatika kweli. Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yametoka, mteremko wa feri umesimama, mbele yake watu wamejaa kwa miguu na mkokoteni wa mitungi ya maji. Akavuta breki ya mbele na pikipiki ikaendelea kushuka kana kwamba hajavuta kitu. Akakanyaga ya nyuma, akaburura miguu yote miwili, akaja kusimama kwenye ubavu wa mkokoteni. Mtungi mmoja ulipasuka. Abiria wake, mama mtu mzima, alishuka akaenda zake kwa miguu bila kusema neno.

Wanaotia oili, grisi au dawa ya kulegeza kutu kwenye diski naomba wanisikie vizuri. Mlio umenyamaza kwa sababu msuguano umeondoka, na msuguano ndio unaoisimamisha pikipiki. Sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama, hasa unapoteremka, iko kwenye gurudumu la mbele. Ukishaipaka oili umebaki na ngoma ya nyuma, nayo kwenye mteremko na abiria mgongoni haitoshi. Mtoto akiwa mbele yako pale, huna la kumwambia mama yake.

Basi nikapandisha pikipiki kwenye stendi ya kati na kuizungusha gurudumu ya mbele kwa mkono. Ilizunguka nusu mzunguko ikasimama. Inapaswa kuzunguka mizunguko kadhaa, hata pedi zikiwa mpya na zinagusa kidogo. Nikaitikisa gurudumu kushoto kulia kupima beringi: hakuna mchezo. Nikafunga kipande cha waya kwenye foki, ncha yake ikawa karibu kugusa diski, nikazungusha polepole nikiangalia ule upenyo. Haukupanuka wala kupungua, kwa hiyo diski haikuwa imepinda.

Hapo nikaona kitu kilichonipoteza kwa muda. Kwenye ukingo wa nje wa diski kulikuwa na ukuta mdogo, ule mstari unaobaki mahali ambapo pedi haifiki. Pedi mpya ikipanda juu ya ukuta huo hulia, na nimeona hilo mara nyingi, kwa hiyo nikadhani nimepata jibu. Nikapima unene wa diski kwa vernia: milimita 3.8. Kwenye diski yenyewe pamechorwa kipimo cha mwisho, 3.5, basi bado ina maisha. Nikapaka ukingo wa pedi chaki, nikarudisha, nikazungusha na kuvuta breki mara chache, nikatoa tena. Chaki ilikuwa nzima kwenye ukingo. Pedi haigusi ukuta. Kama ningemuuzia diski mpya siku ile, angeondoka na deni na mlio wake.

Nikarudi kwenye kitambaa. Nikachukua zile pedi za kwanza, zilizofanya kazi miezi 8 bila kelele, nikapima nyama iliyobaki, yaani ile sehemu inayosugua diski. Ya upande wa pistoni, kile kichuma kinachosukuma pedi, ilikuwa na milimita 0.9. Mwenzake 2.6. Jozi ya pili, iliyotumika wiki chache, nayo ilikuwa imeanza njia hiyohiyo, tena imelika mshazari, upande mmoja mnene na upande mmoja mwembamba kama kabari.

Kalipa ya pikipiki hii, ile nyumba inayoshika pedi, ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni ikisukuma pedi yake mpaka ikagusa diski, kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya upande wa pili nayo iguse. Pini zikikwama, pedi ya pistoni hufanya kazi ya wawili, ya pili inasindikiza. Diski inasukumwa kutoka upande mmoja, pedi inakaa mshazari, na ukiachia mkono wa breki hakuna kinachoirudisha kalipa, kwa hiyo pedi inaendelea kugusa na kupata moto. Ndiyo maana gurudumu lilikataa kuzunguka. Shida hii ilikuwepo kabla ya pedi mpya, tangu zile za kwanza. Hazikulia kwa sababu zilikuwa zimezoeana na diski kwa miezi, zimelika kwa umbo la kasoro. Pedi mpya ilikuja na uso ulionyooka ndani ya nyumba iliyopinda.

Nilifungua bolti mbili za kalipa nikajaribu kuisogeza juu ya pini zake kwa mikono miwili. Haikwenda. Pini ya juu ilitoka kwa kuzungushwa na mafuta ya kulegeza, baada ya kuitenga diski mbali kabisa. Ya chini nilihangaika nayo karibu nusu saa. Ilipotoka ilikuja na unga wa rangi ya hudhurungi, na ndani ya tundu mlikuwa na ute mkavu uliokuwa grisi zamani. Kile kiatu cha mpira kinachoziba mdomo wa pini kilikuwa kimepasuka, ufa wa upana wa ukucha. Nilikigusa kwa ulimi, jambo ambalo sikushauri ulifanye, nikaonja bahari.

Watu wengi wa pwani husema diski haishiki kutu, basi chumvi haina la kufanya kwenye breki. Diski nyingi za pikipiki ni za chuma kisichoshika kutu kirahisi, hilo ni kweli. Pini si hivyo. Na chumvi haiji kutoka feri peke yake. Wanaooshea pikipiki kwenye visima vya kisiwani wanatumia maji ambayo mengi yake ni ya chumvi, wanaipuliza hadi ndani ya kalipa kwa mpira wa presha, halafu wanaifuta tangi ing'ae. Mwenye pikipiki alikuwa akiosha kila Ijumaa kabla ya swala. Alinyamaza nilipomwambia hilo. Nikamwambia hakukosea kuosha. Amalizie tu na jagi mbili za maji ya mfereji kwenye gurudumu.

Pini nilizisafisha kwa msasa laini namba 600, kuzunguka, mpaka kidole hakikwaruzwi. Ya juu ikawa safi. Ya chini ilibaki na vidonda viwili vidogo vilivyoliwa na kutu, nikavisawazisha kadiri nilivyoweza. Nikatia grisi ya silikoni, kidogo, pamoja na viatu vipya vya mpira. Grisi ya kawaida ya beringi usiitie humo: huvimbisha mpira, na pini iliyobanwa na mpira uliovimba hukwama vibaya kuliko ya kutu. Angalia pia pini ipi imetoka tundu gani, kwa sababu kwenye kalipa nyingi hazifanani.

Kuna hatua moja ambayo kazi ya robo saa huiruka daima. Pedi zikiisha, pistoni inakuwa imetoka nje, na ile sehemu iliyo nje inapata vumbi na chumvi. Kutia pedi mpya inabidi uirudishe ndani. Ukiirudisha na uchafu wake, unausukuma uchafu kwenye sili, ule mpira unaoizunguka pistoni, na kesho pistoni inakuwa nzito kurudi. Mimi huisafisha kwanza kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya breki, nikiizungusha pande zote mpaka kitambaa kitoke cheupe, ndipo naisukuma kwa vidole gumba. Kabla ya kuisukuma, fungua kile kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani na uweke kitambaa chini yake, kwa kuwa mafuta yatapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya tangi. Haya ya kwake yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Kifuniko kimeandikwa DOT 4, ndiyo aina ya mafuta yanayotakiwa, nikabadilisha yote. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani, na hewa ya hapa haina uchache wa unyevu. Miaka 2 ndiyo ukomo ambao viwanda vingi huuweka.

Pedi za tatu, zenye oili, nilimwambia hazifai tena. Alisikitika, na nilimwelewa, zilikuwa na wiki moja. Kuna wanaozichoma juu ya jiko la makaa ili oili itoke. Mimi siwezi kumkabidhi mtu pikipiki hivyo. Nyama ya pedi ina vitundu, oili imeshaingia ndani, na moto wa jiko unaweza kulegeza gundi inayoishika nyama kwenye bati lake. Alinunua jozi ya nne, ya bei ya kati. Diski niliiosha kwa spiriti mara tatu, kila mara kwa kitambaa kipya, kisha nikaipitisha msasa kidogo pande zote mbili.

Nikafunga. Kabla hajaikalia nilimwambia avute mkono wa breki, avute tena, mpaka uwe mgumu. Baada ya kurudisha pistoni mvuto wa kwanza huwa mtupu kabisa. Mtu akitoka na pikipiki kabla ya hapo, anaigundua breki yake kwenye makutano.

Tukazungusha gurudumu, likaenda mizunguko minne. Nikaipanda mwenyewe hadi barabarani na kurudi. Inasimama vizuri, imenyooka, haivuti upande. Lakini karibu na banda, mwendo ukiwa wa kutembea, nikausikia: mluzi uleule, mdogo, kama wa mtu aliye chumba cha pili.

Hapa ndipo nilipokuwa nimepitwa. Pini zilikuwa sababu kubwa, nikaridhika nazo nikaacha kutafuta. Nilikaa chini nikaichukua tena pedi ya kwanza, ile ya upande wa pistoni, safari hii nikageuza mgongo. Ulikuwa mweusi kwa uchafu. Nikaukuna kwa ncha ya bisibisi na uchafu ukabanduka pamoja na kitu: kibati chembamba, unene wa karatasi ngumu, kimeshikamana na mgongo wa pedi kama kwamba vimezaliwa pamoja. Nikatazama migongo ya jozi ya pili. Mitupu. Jozi ya nne niliyoifunga mwenyewe, mitupu.

Kibati hicho hukaa kati ya pistoni na pedi. Kazi yake ni kuukata mtetemo usipite kutoka chuma hadi chuma. Pikipiki hutoka nacho kiwandani. Pedi nyingi za madukani huuzwa bila hicho, kwa kutarajia kwamba fundi atakitoa kwenye pedi ya zamani na kukihamisha. Kikiwa kimeganda kwa miezi 8 ya vumbi hakionekani, na kilitoka na pedi za kwanza kikaingia kwenye kitambaa. Nilichukua pedi moja yenye kibati na moja isiyo nacho, nikazigonga kwa bisibisi mbele ya yule kijana. Moja ilisema tup. Nyingine ikasema ting, na ile ting ikaning'inia hewani.

"Hii ndiyo?" akauliza.

"Hii ndiyo iliyobaki."

Nikakiosha, nikakinyoosha kwenye benchi, nikakipaka grisi ya breki inayostahimili joto, ule utando tu, upande wa pistoni. Pia nikazipitisha pedi tupa kwenye pembe za mwanzo na mwisho, nikizilaza kidogo, ili ukingo usiingie kwenye diski kama patasi. Nikafunga tena.

Alfajiri ya siku ya pili, matatu zikiwa bado chache, tulitafuta kipande cha lami kilichonyooka tukazoesha pedi: kupanda hadi 50 kwa saa, kushusha kwa breki hadi karibu 10 bila kusimama kabisa, kuachia ipoe, kisha tena, mara 10 hivi. Pedi huacha utando mwembamba wa nyama yake juu ya diski, na zikishazoeana hivyo hushika kwa usawa. Watu wengi huanza na siku nzima ya kugusagusa breki ndani ya msongamano, pedi inang'aa kama kioo kabla haijashika kazi. Ndiyo sababu msasa humnyamazishia mtu mlio kwa siku moja: unaondoa ule mng'ao, halafu mng'ao unarudi.

Haukulia, si kwa mvuto mdogo wala mkubwa. Nilimwambia mambo mawili ya kuangalia. Kukiwa na umande au mvua imenyesha usiku, itaweza kulia mara moja au mbili asubuhi, hiyo ni maji juu ya diski na itakauka. Ila siku akisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, asimame hapohapo aisukume. Hiyo ni pedi iliyokwisha, au iliyotiwa kinyume, mgongo ukitazama diski, jambo ambalo nimeshaliona kwa macho yangu mara mbili.

Alirudi baada ya wiki tatu kama tulivyoahidiana. Nikapima pedi bila kuzitoa zote: 3.9 upande wa pistoni, 3.8 upande wa pili. Kalipa inateleza kwa mkono mmoja. Kitambaa chake bado kiko kwenye boksi la nyuma, sasa kina jozi tatu.

Pini ya chini yenye vidonda haijabadilishwa. Mpya imeshafika, iko kwenye droo yangu ndani ya karatasi yenye namba ya pikipiki yake. Amesema ataileta pikipiki wiki hii, bamvua ikishapita.